Milimita Thelathini na Nane

Mpendwa Bibi Sheku,
ndivyo walivyoniita kwenye barua ya kwanza.
Jina langu ni Shekue. Wamekula herufi moja
kama barabara yao ilivyokula mpira wa gurudumu.
Tumepokea malalamiko yako. Yamepewa namba.

Namba ina tarakimu kumi na moja.
Naijua kwa moyo kuliko simu ya dada yangu.

Shimo liko mbele ya nyumba ya arobaini na moja,
Mtaa wa Lark Hill, Oldham,
pale lami inapokutana na mfuniko wa maji taka.
Mvua ya hapa hainyeshi, inakaa tu, kama mgeni asiyeaga,
na shimo likijaa linafanana na barabara,
na kiti cha mume wangu hakijui kuogelea.
Mara ya kwanza alimwagwa pamoja na chupa za dawa.
Mara ya pili alicheka: "Wamenichimbia mapema."
Sikucheka.

Barua ya pili. Mpendwa Bibi Shekwe,
mkaguzi alifika tarehe tisa
(hatukumwona; labda alikuja na ukungu).
Kina cha shimo ni milimita thelathini na nane.
Kiwango cha kuchukua hatua ni arobaini.
Tunakushukuru kwa kuujali mtaa wako.

Milimita mbili.
Nilichukua rula ya mjukuu nikaitazama vizuri.
Ni punje ya mchele ikilala ubavu.

Kwetu tulifunzwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa unalelewa,
unapimwa kila mwezi kama mtoto kliniki,
hadi utimize uzito wa kuhurumiwa.
Kwetu karani angeniambia njoo kesho,
nami ningemtazama machoni nijue ni uongo au ni njaa.
Hapa kesho huja yenyewe kwa posta,
na stempu, na salamu za heri,
na sahihi iliyopigwa chapa.

Jirani yangu Bwana Ormerod,
aliyeendesha basi miaka thelathini na moja,
akapanda maua ya njano ndani ya shimo.
Halmashauri ikaja siku ileile
kuondoa maua.
Barua ya tatu ilisema yalikuwa kizuizi kwa watumiaji wa barabara.
Shimo waliliacha lilivyo.

Mkutanoni, diwani Pauline Heyes alisema pesa hazipo,
na nadhani alisema kweli:
kola ya koti lake ilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Alitaja maktaba, alitaja wazee, alitaja taa za njiani.
Nilikwenda na hasira kapu zima, nikarudi nayo nusu.
Nusu hiyo sijui nimpe nani.

Jumatatu moja ya Februari
akaja kijana, Kieran, koti la njano, pua nyekundu kwa baridi.
Akapiga goti, akatia kipimo.
"Thelathini na tisa," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.
Mume wangu alikuwa dirishani, blanketi mapajani.
Kijana akamwona. Akaona na kiti, mlangoni, na mpira wake uliochanika.
Akasimama. Akatazama mwanzo wa mtaa, akatazama mwisho wake,
halafu kwa ncha ya buti
akasukuma kokoto moja lililolegea,
likatoka kama jino la utotoni.

Akapima tena.
Mimi nilikuwa nashughulika sana na kufuli ya lango,
sikuona kitu.

Mpendwa Bibi Shekue, ilisema barua ya nne,
herufi zote zikiwapo,
na Alhamisi lori likaja, likamwaga moshi na lami,
watu watatu wakafanya kazi, mmoja akashika koleo tu.

Kiraka kimeinuka kidogo kupita barabara.
Kiti kikifika pale kinaruka,
na mume wangu anageuza shingo, ananiuliza:
"Milimita ngapi?"
Nami naingia ndani kutafuta rula.